Niliishi kijijini Ujerumani Mashariki mwaka 1986: sungura wa Oma, ng'ombe aliyerudi nyumbani, na milanzi ya baba yangu

Mlanzi62 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu. Juzi kwenye uzi wa Azimio la Arusha vijana walikesha wakibishana kama ukomunisti ulifaulu au ulishindwa. Kila mtu na takwimu zake. Nilisoma kurasa zote kumi na nne, sikukuta hata mmoja aliyetaja ng'ombe. Nikasema basi ngoja mzee niandike niliyoyaona kwa macho, kisa kimoja kimoja, kabla kumbukumbu haijanitoka.

Nilizaliwa Iringa mwaka 1962. Mwaka 1984 nilipata nafasi ya kwenda kusomea kilimo Ujerumani Mashariki. Kwanza tulikaa Leipzig tukifundishwa lugha, ndipo tukaingia chuoni. Mwaka 1986 tukagawanywa vijijini kwa mafunzo ya vitendo, mimi nikapangiwa kijiji kimoja cha uwanda wa Magdeburg. Wenyewe huuita Börde. Udongo wa pale ni mweusi kama masizi ya sufuria, na ngano na viazisukari vinakwenda mpaka macho yanachoka. Nilipewa chumba kwa wazee wawili. Wajerumani humwita bibi Oma na babu Opa, nami ndivyo nilivyowaita. Majina yao nayahifadhi.

Kisa cha kwanza: sungura

Ushirika wa kijiji ulijulikana kwa herufi tatu, LPG. Ardhi yote ililimwa kwa pamoja, lakini kila mwanachama aliruhusiwa kubaki na nusu hekta ya kwake. Ng'ombe na nguruwe wa nyumbani hapo mwanzo waliwekewa kikomo. Kuku na sungura hawakuwekewa. Kwa hiyo nyuma ya nyumba Oma alikuwa na vizimba vya sungura vilivyopangwa ghorofa tatu.

Jumamosi moja akaniomba nimbebee sungura hadi kituo cha ununuzi. Wakapimwa, akalipwa, akahesabu noti mara mbili. Kutoka hapo tukaingia Konsum, duka la ushirika, na kwa vile siku hiyo nyama ya sungura ilikuwepo, akanunua sungura aliyekwisha chunwa. Nikadhani Kijerumani changu kimenipotosha. Njiani nikamwuliza, Oma, mbona hukuchinja wa kwako?

Akasimama katikati ya barabara akanipigia hesabu kwa vidole. Serikali hununua sungura kwa bei ya juu ili wanakijiji wafuge kwa wingi. Dukani huuza kwa bei ya chini ili mfanyakazi wa kiwandani ale nyama. Tofauti inajazwa na hazina. Anayechinja sungura wake nyumbani amejitia hasara mwenyewe. Alieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la tatu, kisha tukaendelea na safari.

Mkate nao ulikuwa hivyo hivyo. Mkate wa kilo moja na nusu ulikuwa fenigi 78, na kijimkate kidogo cha asubuhi fenigi 5, bei zisizopanda miaka nenda miaka rudi. Pumba na nafaka za mifugo zilikuwa za kusaka. Matokeo yake nguruwe wa kijiji walikula mkate. Mimi ni mtoto wa foleni ya unga wa yanga, wa 1974 na 1975, mvua zilipokata na mahindi ya njano yakaletwa kutoka nje. Siku niliyomwona Opa akiloweka mikate sita kwenye ndoo ya nguruwe sikupata usingizi. Nilimkumbuka mama akikung'uta gunia ili punje ya mwisho idondoke.

Nitaendelea kesho Mungu akipenda.

dogo_wa_Udom

Shikamoo mzee. Nimekaa mkao wa kula, uzi usiishie njiani tafadhali. Swali moja: hao wazee waliujua huo mpango ni kichekesho au waliona kawaida?

Mlanzi62

Marahaba kijana. Waliona kama wewe unavyoona mvua. Ikinyesha unakinga ndoo. Bei zile hakuzipanga Oma, na sungura wake aliwatunza vizuri mno, hata mmoja hakulala bila majani makavu chini.

Kipepeo wa Kihesa

Shikamoo baba. Umetaja yanga nikamwita mama aje asikie ninavyomsomea. Ana miaka 79. Ametikisa kichwa tu, akasema "mwambie aendelee."

Mlanzi62

Marahaba mwanangu. Msalimie sana mama.

Kisa cha pili: sahihi

Opa hakuwa msemaji. Lakini majira ya baridi, tukiwa bandani tunachambua viazi vya mbegu, alikuwa akianza sentensi moja na kuimalizia baada ya nusu saa. Hiki nilikipata vipande vipande kwa wiki tatu hivi.

Baba yake alimwachia hekta 18. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mabwana wakubwa wenye zaidi ya hekta 100 walinyang'anywa ardhi, ikagawiwa vibarua na wakimbizi waliotoka mashariki. Opa hakuguswa, alikuwa mkulima wa kati, na alifurahi kuona kibarua wa jirani amepata shamba. Hilo alilisema mara mbili, nadhani alitaka nilielewe. Mwaka 1952 vyama vya LPG vikaanza. Kujiunga kulikuwa hiari. Yeye akakaa nje, akalipa kodi, akapeleka mazao aliyopangiwa.

Mwanzoni mwa 1960 hiari ikakoma, ingawa hakuna aliyetamka hivyo. Wakaja wahamasishaji kutoka mjini, watu wa viwandani ambao hawajawahi kushika chuchu ya ng'ombe, wakakaa jikoni kwake tangu asubuhi. Wanaondoka hawa, wanaingia wale. Nje gari la vipaza sauti limeegeshwa na jina lake linasomwa kijiji kizima kisikie kwamba yeye ni adui wa amani. Aliniambia kilichomshinda si kelele. Kilichomshinda ni mtoto wake wa miaka minane kurudi kutoka shule na kumwuliza, "Baba, wewe ni adui wa amani?" Akatia sahihi siku hiyo hiyo, mwezi Machi. Kufika Aprili serikali ikatangaza nchi nzima imeingia kwenye ushirika.

Mdogo wake hakutia sahihi. Alitoroka usiku na mkewe na watoto kupitia Berlin, maana ukuta ulikuwa haujajengwa, ulikuja Agosti 1961. Opa alijuaje kwamba mdogo wake amekwenda? Aliwasikia ng'ombe. Ng'ombe asipokamuliwa kiwele humuuma, hulia. Kulipopambazuka walikuwa wanalia wote kumi na mmoja. Opa akavuka uwanja, akakuta mlango wa nyumba haujafungwa kwa ufunguo na kikombe kipo mezani. Akachukua ndoo, akakaa chini akawakamua mmoja baada ya mwingine mpaka wakanyamaza. Hapo kwenye "wakanyamaza" ndipo aliponyamaza na yeye.

Wake mwenyewe walipelekwa kwenye zizi la pamoja upande wa pili wa kijiji. Mmoja, wa madoa mekundu, alikuwa akivunja kamba kila jioni na kurudi nyumbani. Wiki tatu. Anasimama langoni anasubiri kufunguliwa. Opa anamrudisha.

Bin Darajani

Assalaam alaykum. Mzee, umenigusa. Mimi ni mtu wa Unguja, na sisi Wajerumani hao tunawajua. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua serikali yao mapema, wakaja wakajenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani. Marehemu babu yangu alipewa fleti huko. Kijijini alikuwa na kiambo chake, kisima na mnazi wa uwani. Fletini alipewa umeme na maji ya mfereji, kitu ambacho baba yake hakukiota. Alishukuru kwa dhati. Na kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akipanda gari kwenda shamba kukaa chini ya mnazi ule mpaka magharibi, hafanyi kitu, amekaa tu. Hadithi ya ng'ombe imenirejeshea sura yake.

dogo_wa_Udom

Mzee samahani, mimi nimesoma kwamba ujamaa wetu haukuwa ukomunisti na Mwalimu mwenyewe alikataa kufananishwa. Sasa unafananisha?

Mlanzi62

Umesoma sawasawa. Mwalimu alijenga hoja yake juu ya familia ya Kiafrika, hakuijenga juu ya vita vya matabaka, na kanisa na msikiti havikuguswa. Na kule ardhi ilibaki kwa jina la Opa kwenye kitabu cha ardhi hata baada ya sahihi, alichonyang'anywa ni kuitumia. Tofauti zipo na nazijua. Lakini nilipokuwa bandani na yule mzee nilimwelewa kuliko Mjerumani yeyote wa rika langu chuoni, na sababu yake ni kisa kinachofuata.

Kisa cha tatu: milanzi

Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kabla ya 1976 kwisha wote wawe wamehamia. Kwetu Operesheni ilifika mwaka 1974. Nilikuwa na miaka 12. Tulikuwa tunaishi kwenye kilima, nyumba tatu za ukoo, na chini bondeni milanzi ya baba. Wasiotoka nyanda zetu wajue kwamba mlanzi ni aina ya mwanzi unaogemwa. Masika unakata chipukizi changa, unafunga mbeta, yaani chombo cha mwanzi cha kukingia, asubuhi na jioni unarudi kuchukua ulanzi, utomvu wake unaogeuka pombe, na kukata upya kidogo. Ukiuacha siku mbili unaharibika. Ni kazi ya kila siku, kama kukamua.

Lori lilikuja na mgambo. Tulipakia masanduku, kuku, jembe, mlango. Ndiyo, mlango, baba aliung'oa. Paa likateremshwa ili tusirudi. Tukashushwa kilomita kama tisa kutoka pale, kando ya barabara, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba vikanyooka kama mistari ya daftari. Shule tuliahidiwa ikaja, na mimi ndiye ushahidi, nisingefika Leipzig bila shule ile. Bomba la maji lilikuja, likaharibika, likatengenezwa, likaharibika.

Baba alikuwa akiamka saa tisa usiku. Anatembea kilomita tisa hadi mahame, anagema, anarudi na mbeta kabla ya kengele ya shamba la kijiji. Jioni tena. Kilomita 36 kwa siku, masika nzima. Balozi wa nyumba kumi alimwonya, kisha akaacha kumwonya, kisha akaanza kununua ulanzi kwake. Sikumwona baba akilia wala kulalamika. Nilichokiona ni miguu yake tu, ilivyopasuka.

Opa aliponisimulia yule ng'ombe wa madoa mekundu, nilimweleza habari za baba. Hakusema neno. Alinisogezea gunia la viazi nikalie, maana nilikuwa nimechuchumaa muda wote. Tangu siku hiyo akaanza kuniita kwa jina langu, hapo kabla nilikuwa "mwanafunzi".

Kipepeo wa Kihesa

Baba, mama amesema nikuandikie kwamba kwao Isimani ilianza mapema zaidi na ilikuwa mbaya zaidi. Krismasi ya mwaka 1971, wakati Mkuu wa Mkoa, Dokta Kleruu, alipopigwa risasi na mkulima Mwamwindi kwenye shamba la huyo mkulima, mama alikuwa binti. Anasema walikaa ndani siku nyingi, hakuna aliyewasha moto mkubwa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Mama hajawahi kutusimulia haya. Miaka yote hii nimeishi naye nyumba moja.

Mlanzi62

Mwanangu, hapo umenipa sababu ya kuendelea. Mwache aseme kwa mwendo wake.

Gilgil

Salamu kutoka Kenya. Kwetu wazee walikusanywa vijijini na mkoloni wakati wa hali ya hatari, miaka ya hamsini, kwa sababu nyingine kabisa, lakini kuhusu miguu kurudi mahame ni vile vile. Swali langu ni fupi. Kwa hivyo mzee, huo ushirika wa Wajerumani ulikuwa mzuri ama mbaya? Sema tu.

Mlanzi62

Gilgil, nakujibu kwa kilichokuwa jikoni, maana jikoni mle mlikuwa na majibu mawili na yote mawili nilikula nayo meza moja.

Opa alilia ardhi yake mpaka kufa. Oma alikuwa mtoto wa kibarua, ameolewa kwenye hekta zile 18, na toka alipoolewa hadi 1960 hakupumzika hata siku moja. Ng'ombe hajui Jumapili wala Krismasi wala uzazi. Alijifungua mtoto wa pili usiku na keshokutwa yake alikuwa zizini. Ulipokuja ushirika akawa mkamuaji wa zamu, mwenye saa za kazi, mshahara, kituo cha kulelea watoto, chakula cha mchana cha kantini, na likizo. Likizo! Akiwa na miaka 38 ndipo alipoiona Bahari ya Baltiki kwa mara ya kwanza. Picha yake akiwa amekunja sketi, maji magotini, ilikuwa ukutani juu ya redio. Opa akianza kusema "hekta zangu", Oma alikuwa anaitazama tu ile picha, na Opa ananyamaza.

Kama bwana shamba niseme na la kitaalamu, maana hili linanikera hadi leo. Miaka ya sabini wakubwa waliamua kutenganisha. Ushirika mmoja ulime tu, mwingine ufuge tu. Yakajengwa mazizi makubwa kwa ramani moja, ng'ombe 1,930 zizi moja. Wenye ng'ombe hawana shamba la malisho, wenye malisho hawana ng'ombe, na samadi ikawa taka ya kutafutiwa pa kumwagwa badala ya kuwa mbolea. Opa, aliyeishia darasa la nane, alilijua kosa hilo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyemwuliza. Nilipokuwa pale walikuwa wameshaanza kuunda mabaraza ya kuwaunganisha tena wakulima na wafugaji. Kumtenga mkulima na samadi yake, halafu kuunda kamati ya kumrudishia! Na kwetu pia mashamba ya kijiji yaliwekwa mahali ambapo mzee yeyote angewaambia hapa maji hutuama.

dogo_wa_Udom

Na usalama wao, mzee? Ile Stasi. Nimesoma walikuwa na watoa habari zaidi ya laki moja na sabini elfu. Walikufuatilia?

Mlanzi62

Mwanafunzi mgeni kutoka Afrika, anaruhusiwa kuvuka kwenda Berlin Magharibi na kurudi na kahawa? Hakika kuna karatasi yenye jina langu mahali fulani. Majalada yalifunguliwa mwaka 1992 na hata mgeni anaweza kuomba lake. Wenzangu wawili waliomba. Mmoja alimkuta humo rafiki aliyemsimamia harusi.

Mimi sikuomba. Kijiji kile kilikuwa na watu wachache waliojua ninaamka saa ngapi, na wawili kati yao walikuwa wananipa chakula. Kama mmoja wao aliitwa ofisini akaulizwa, na akajibu, sitaki kujua alijibu nini. Wengine wataona ni woga. Nimelifikiria miaka thelathini na bado jibu langu ni hilo.

Bin Darajani

Si woga mzee wangu. Wangapi hapa kwetu wamesitiriana vivyo hivyo. Baadaye ikawaje kwa wazee hao?

Mlanzi62

Nilirudi nyumbani Julai 1989, miezi minne kabla ukuta haujaanguka. Tuliandikiana. Barua za Oma zilikuwa fupi, mwandiko wa kulala upande.

Tarehe 1 Julai 1990 ilikuja marki ya magharibi na ruzuku zile zikafa. LPG zote zilipewa hadi mwisho wa 1991 zijibadilishe au zivunjwe. Kufikia 1992 zaidi ya nusu ya waliokuwa wakifanya kazi ya kilimo Mashariki hawana kazi hiyo tena. Kantini ilifungwa, kituo cha watoto kikafungwa, binti yao aliyekuwa mhasibu wa ushirika akahamia Hannover kusafisha ofisi. Opa alirudishiwa haki ya kutumia hekta zake 18. Alikuwa na miaka 74 na nyonga mbovu. Aliandika mstari mmoja tu chini ya barua ya mkewe, kwamba amekwenda kusimama kwenye mpaka wa shamba, amerudi. Kisha akalikodisha kwa kampuni iliyorithi ushirika ule ule, kama walivyofanya wengi.

Barua ya mwisho ya Oma ni ya Desemba 1992. Opa alikuwa ameshafariki. Aliandika habari za theluji, na kwamba mkate umepanda bei, na kwamba kituo cha ununuzi sasa ni gereji. Mwishoni akaandika: sungura sasa nachinja mwenyewe.

Kipepeo wa Kihesa

Baba, nimemsomea mama mpaka hapo. Amekaa kimya muda mrefu. Nimenunua daftari leo mjini, nataka kuanza kumwandika, ila sijui nianzie wapi. Nikimwuliza "Operesheni ilikuwaje" anajibu "tulihamishwa, basi."

Mlanzi62

Usimwulize Operesheni. Mwulize alirudi mahame kufuata nini.

Kipepeo wa Kihesa

Nimemwuliza usiku huu. Jiwe la kusagia. Lilikuwa la bibi yake. Alilifuata usiku wa tatu peke yake, akalibeba kichwani hadi kijiji kipya, akiwa na mimba ya kaka yangu mkubwa. Ndilo lile tunalowekea mlango wa jikoni usijifunge.